UZI: Kubadilisha kontroli amu za mbele za Runx nyumbani, na sababu ya bushi mpya kuchanika ndani ya miezi minane

Runx wa Kimara:

Wakuu, habari za jioni. Mvua imenifungia ndani tangu mchana, na hili nimeliahidi muda mrefu, kwa hiyo leo naliandika lote. Ni refu. Mwenye haraka aruke mpaka kwenye kukaza bolti, maana hiyo ndiyo sehemu iliyonifanya nianzishe uzi.

Gari ni Toyota Runx ya 2003, namba ya modeli NZE121, injini 1NZ, giaboksi otomatiki. Kwangu ni Kimara ndani. Ukiiacha lami kuna kipande cha mawe na makorongo, kisha mpaka mjini ni matuta na rasta. Mzigo wote huo unabebwa na miguu ya mbele.

Ugonjwa ulianza kwa mlio. Si ule mzito wa shokapu iliyokufa unaousikia ukidumbukia shimoni. Huu ulikuwa mwepesi, "kok, kok", kwenye rasta tu, tena gari likienda polepole. Baada ya wiki kadhaa likaja la pili: nikishika breki gari linavuta kushoto, nikiachia linarudi lenyewe. Tairi la kushoto likaanza kulika ukingo wa ndani, ukipitisha kiganja unahisi meno ya msumeno.

Nikalipeleka gereji. Wakafunga kontroli amu mpya pande zote mbili (ule mkono wa chuma wa chini unaolishikilia tairi la mbele, wenye bushi za mpira), mlio ukaisha siku hiyo hiyo. Miezi minane baadaye, "kok". Niliporudi nikaambiwa spea nilizonunua ni za bei rahisi, nitafute nyingine. Nikaamini, kwa sababu kweli zilikuwa za bei rahisi. Nikaenda Gerezani nikanunua seti ya pili, ya ghali zaidi, shilingi 85,000 kwa mkono mmoja. Safari hii nikaamua kuzifunga mwenyewe ili hiyo bushi niione kwa macho yangu.

Jirani yangu ni fundi aliyekwishapumzika, mzee wa zama za Peugeot 504. Alikuja na kigoda chake akakaa kutazama. Nilipoutoa mkono wa kwanza akauomba, akaupindua kwenye mwanga, akaniuliza swali moja tu: "Huu walikukazia gari likiwa juu ya jeki?"

Nikamjibu ndiyo, nilikuwepo. Tairi zote mbili zilikuwa zimetolewa, mikono inaning'inia chini, wakakaza kila kitu kwa bomba mpaka mwisho, wakarudisha tairi, wakashusha gari. Mzee akasema basi usiilaumu spea.

Nikachukua msumeno wa chuma nikaikata ile bushi ndogo ya mbele katikati. Wakuu, nilikuwa sijawahi kuelewa bushi ni kitu gani mpaka siku ile. Mimi nilidhani ni kama beringi, kwamba bolti inapita katikati na mpira unazunguka juu yake. Sivyo kabisa. Kuna bomba la chuma la ndani, kuna pete ya chuma ya nje, na kati yao mpira ulioshikamana na vyuma vyote viwili. Bolti ikikazwa inalibana lile bomba la ndani lisizunguke hata kidogo. Mkono unapopanda na kushuka ni mpira wenyewe unaojipinda, kisha unarudi. Kazi yake ni hiyo, na ina kikomo cha kujipinda.

Sasa fikiria umekaza mkono ukiwa unaning'inia. Umemwambia mpira kwamba hapo chini ndipo nyumbani kwake. Ukishusha gari, mkono unapanda, mpira unapindwa, na unabaki umepindwa hivyo hivyo hata gari likiwa limelala usiku. Ukipita tuta unaongezewa pindo juu ya pindo. Yangu ilikuwa imeachana na bomba la ndani kwa mchaniko wa umbo la mwezi mwandamo, upande mmoja tu. Upande wa pili mpira ulikuwa bado mpya, unang'aa, na alama ya kiwandani inasomeka. Huo ulikuwa mpira wa miezi minane uliouawa na spana.

Nitaendelea na kazi yenyewe kwenye posti inayofuata, simu inaniishia chaji.

Mama Spacio:

Asante kaka. Mimi nina Spacio, ile niu modeli, niko Morogoro. Mlio unaoueleza ndio wangu kabisa, nikiingia getini tu naonewa huruma na majirani. Fundi wangu anasema ni stebilaiza linki, vile vifimbo vya kuzuia gari lisiyumbe. Nimebadilisha linki zote mbili na mlio upo. Nitajuaje kabla sijanunua kitu kingine?

Babu Gereji:

Mama Spacio, usibadilishe kitu tena kwa kusikiliza mlio. Mlio unasafiri kwenye bodi, kitu cha kushoto utakisikia kulia. Mwambie fundi alinyanyue gari na aliweke kwenye stendi, kisha apime kimoja kimoja.

Kwanza ashike tairi juu na chini, alitikise. Likicheza ni boljointi (kile kifundo cha mwisho wa mkono, upande wa tairi) au beringi. Msaidizi akikanyaga breki na mchezo ukaisha, mtazame beringi, na ukibaki mtazame boljointi. Pili alishike kulia na kushoto: likicheza ni tairodi, fimbo ya usukani inayogeuza tairi. Tatu achukue mtalimbo mfupi, auingize kati ya mkono na krosimemba (boriti ya chuma ya chini inayofungiwa mikono) karibu na bushi, asukume taratibu. Bushi nzima inasogea kidogo kwa ugumu na kurudi. Iliyokufa inaruka, na mara nyingi utaona mpasuko ukifunguka kama mdomo. Amulike na tochi. Mpira wenye nyufa ndogo za juu juu ni uzee tu, usimkimbize mtu dukani kwa hizo. Mpasuko unaoingia ndani ndio ugonjwa.

Na hiyo ya gari kuvuta ukishika breki ni dalili nzuri sana ya bushi kubwa ya nyuma. Breki inalisukuma tairi kurudi nyuma, bushi imelegea, mkono unasogea, tairi linageuka bila wewe kugeuza usukani. Lakini kagua na breki kalipa, maana iliyoganda nayo inavuta gari.

Spacio yako ya NZE121 na Runx ya huyu bwana ni ndugu wa tumbo moja kwa miguu ya mbele. Nenda dukani na namba ya chesisi, usiende na jina la gari.

Runx wa Kimara:

Shikamoo Babu, asante kwa kunisaidia kujibu. Naendelea.

Vifaa nilivyokuwa navyo: jeki ya gereji ya tani mbili, stendi mbili za jeki, soketi 17 na 19 na mkono mrefu wake, bomba la maji la kuongezea urefu, mtalimbo, nyundo, dawa ya kutu, burashi ya waya, rangi nyeupe kidogo na tochi ya kichwani. Usiku uliotangulia nilipulizia dawa ya kutu kwenye bolti zote na kesho yake asubuhi nikarudia. Usiuache usiku huo. Bolti zangu zilikuwa za miezi minane tu, lakini mwenye gari ambalo halijawahi kuguswa tangu Japani atanishukuru.

Usalama nausema kwa kirefu kwa sababu nimeona watu wakilala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kunyanyulia. Kinachobeba ni stendi, kwenye chesisi, mahali pagumu, juu ya sakafu ya saruji au ubao mpana kama chini ni udongo. Tofali la saruji lenye matundu msiliamini hata kidogo, linapasuka bila kutoa taarifa. Tairi ulilolitoa lilaze chini ya kizingiti cha gari, likitokea la kutokea libaki na pa kuangukia ambapo si kifuani pako.

Jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii: Runx inavutwa na tairi za mbele. Kuweka gia kwenye P kunazifunga hizo za mbele tu. Ukinyanyua hata moja hewani, P imekwisha kazi yake, gari linaweza kutembea. Kinacholishika ni handibreki ya nyuma, na handibreki za magari yetu tunazijua. Weka vigingi vya mbao mbele na nyuma ya kila tairi la nyuma.

Upande wa kulia, yaani wa dereva, ni kazi ya saa moja na nusu kwa mtu asiye na haraka. Kwenye gari hili boljointi imefungwa kwenye mkono kwa bolti moja na nati mbili, kwa hiyo huna haja ya kuipiga nyundo pale juu inapoingia kwenye habu, yaani kitovu cha tairi. Unafungua hizo tatu, unaukandamiza mkono chini kwa mtalimbo mpaka uachane na boljointi, unaacha boljointi ikining'inia na habu yake. Halafu bolti ya bushi ya mbele na ya nyuma. Angalizo: nati zake zina ulimi wa kuzizuia zisizunguke. Usihangaike na nati, fungua kwa kuzungusha bolti. Mkono unatoka.

Kabla hujaufunga mpya, ulaze sakafuni kando ya wa zamani. Mimi nilifanya hivyo nikagundua muuzaji alinifungia mikono miwili ya kulia kwenye maboksi mawili, moja limeandikwa kushoto. Kwa namba za Toyota, 48068 ndiyo inayoanza mkono wa kulia na 48069 wa kushoto. Nikapanda daladala kurudi Gerezani na mkono wa chuma kwenye kiroba. Wakanibadilishia bila maneno, lakini nusu siku ikawa imekwenda.

Sasa kushoto. Nilifika saa tisa alasiri nikidhani saa kumi na moja nitakuwa naoga.

Nze Nakuru:

Ngoja nimalizie mimi: bolti ya mbele ikagonga giaboksi!

Salamu kutoka Nakuru. Huku kwetu gari hilo tunaliita NZE tu, na kila makanika anaijua hiyo bolti. Inatoka nusu halafu inakutana na giaboksi, hairudi wala haiendi. Yangu tuliikata kwa grainda, mpya tukaiingiza kutoka upande ule mwingine. Mwaka wa pili huu.

Runx wa Kimara:

Hasa hasa, kaka wa Nakuru. Ilitoka kama robo tatu ikagonga. Nilikaa pale saa mbili nzima. Nilijaribu kuipinda, nikajaribu kuusukuma mwili wa giaboksi kwa mtalimbo (msifanye hivyo), jua likazama.

Babu Gereji:

Hiyo ya kukata naijua, na vijana wangu nimewakataza. Sababu ni mbili. Ile nati ina ulimi ulioandaliwa kukaa upande wake. Ukigeuza bolti ulimi haukai, unabaki na nati ya kushikilia kwa spana mahali ambapo spana haifiki vizuri, na mkazo huujui. Ya pili, anayekata bolti ya kiwandani mara nyingi anarudisha bolti ya duka la vifaa vya ujenzi. Bolti ya kontroli amu si bolti ya geti. Ndiyo inayoshika tairi lisikimbie.

Nze Nakuru, kama yako ni bolti ya Toyota na imekaa sawa sikusemi. Lakini anayeanza leo asianzie hapo.

Njia ya kitabu kwa gari la otomatiki ni kushusha krosimemba. Njia ya gereji zetu ni kushusha upande mmoja tu, au kufungua maunti ya giaboksi ya kushoto (kishikizo chake) na kuinyanyua giaboksi kidogo. Anayenyanyua asiweke jeki kwenye sampu ya giaboksi, lile sinia la mafuta la chini. Lile ni bati, linabonyea, na likibonyea linagusa chujio la ndani. Weka ubao mpana na utafute mahali pa chuma cha giaboksi chenyewe.

Nze Nakuru:

Nimekuelewa mzee. Bolti ni ile ile ya Toyota, ya gari lingine lililovunjwa, tulinunua Kirinyaga Road, Nairobi. Lakini habari ya ulimi wa nati sikuijua. Nitaangalia wikendi hii.

Runx wa Kimara:

Mimi nilishusha krosimemba. Kesho yake asubuhi, akili ikiwa imetulia. Kabla ya kugusa bolti yoyote nilichora rangi nyeupe kuzunguka kila kichwa cha bolti ya krosimemba, ili wakati wa kurudisha ikae pale pale ilipokuwa. Hili si la kuruka. Krosimemba ikirudi imesogea milimita chache, miguu yote miwili ya mbele imesogea nayo, na hakuna bolti ya kurekebisha hilo kwenye alaimenti, yaani kunyoosha uelekeo wa tairi.

Nikaweka jeki na ubao chini ya krosimemba upande wa kushoto, nikalegeza bolti za upande ule na kulegeza kidogo tu za upande wa pili, nikashusha jeki taratibu. Macho yote mawili kwenye kiungo cha usukani, maana mashine ya usukani imefungwa huko huko, ukishusha kwa pupa unakivuta kile kiungo. Ilishuka kama upana wa vidole vitatu, bolti ikatoka kwa mkono. Saa mbili za jana yake, kumbe zilikuwa zinasubiri vidole vitatu.

Bolti nilizisugua kwa burashi ya waya. Kwenye shina, pale linapopita ndani ya bomba la bushi, nilipaka grisi kidogo kama unavyopaka siagi kwenye mkate wa mtoto. Kwenye meno sikupaka. Grisi kwenye meno inaifanya bolti ikaze zaidi ya unavyopima.

Sasa lile lililonileta hapa. Nilirudisha mikono yote miwili na bolti za bushi nikazikaza kwa mkono tu, zishike bila kubana. Boljointi nikaikaza kabisa, kwa sababu yenyewe haina mpira wa kupindwa. Krosimemba nikairudisha kwenye alama zake na kuikaza. Halafu nikaweka jeki chini ya mwisho wa mkono, karibu na boljointi, ubao katikati, nikaunyanyua mpaka gari likaanza kuachana na stendi kwa unene wa karatasi. Stendi ibaki pale pale, usiitoe. Hapo mkono umepanda mpaka mahali unapokaa gari likiwa barabarani, na uzito wa kona ile umeubeba wenyewe. Hapo ndipo nikakaza bolti za bushi mpaka mwisho. Kisha upande wa pili vivyo hivyo.

Mwenye gereji yenye shimo ana raha zaidi: anarudisha tairi, gari linasimama kwa miguu yake, analitikisa mbele mara tatu nne ili likae, anaingia shimoni anakaza.

Mkazo kwa NZE121 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza): bolti za bushi mbili ni 137 Nm, boljointi kwenye mkono 89 Nm, nati za tairi 103 Nm.

Kijana wa Mwanza:

Mkuu nimesoma yote mara mbili. Toki renchi, ile spana ya kupima mkazo, sina na huku ya kuazima sijaipata. Hizo namba nazifanyaje? Fundi wetu anakaza mpaka aguni.

Runx wa Kimara:

Mimi pia sikuwa nayo, mzee jirani ndiye aliyenifundisha. 137 Nm ni karibu sawa na kuvuta kwa nguvu ya kilo 28 kwenye mkono wa spana wa nusu mita. Ile ya 89 ni kilo 18 kwa urefu huo huo, na nati za tairi kilo 21. Chukua mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia samaki au mizigo ya safari, huko Mwanza nadhani haikosekani. Pima nusu mita kutoka katikati ya soketi, weka alama kwenye bomba, funga mizani hapo kwa kamba, vuta kwa pembe mraba mpaka isome kilo unazotaka. Si sahihi kama toki renchi, lakini ni mbali sana na kuguna.

Kwa nati za tairi nilitumia ndoo. Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, pamoja na uzito wa ndoo yenyewe, ni kama kilo 21. Gari likiwa chini, mkono wa spana umelala usawa, ndoo imening'inia kwenye alama ya nusu mita. Ikiacha kushuka, nati imefika. Watoto walikusanyika kutazama maji yakitingishika.

Baharini Tanga:

Niongeze la sisi wa pwani. Gari langu ni la 2002, limekaa Tanga muda mrefu, na kabla ya hapo inaonekana lilikuwa sehemu ya baridi huko Japani wanakomwaga chumvi barabarani. Bolti ya bushi ya nyuma ilikuwa imeshikana na bomba la bushi kabisa. Ukizungusha bolti, inazunguka na mpira wote, inakunjwa, ukiachia inarudi. Dawa ya kutu siku tatu, hakuna.

Fundi alitaka kupiga gesi. Tukakubaliana asifanye, kwa sababu mpira ukiwaka pale moshi wake ni mchafu sana, na bomba la breki liko jirani. Tulichofanya ni kuikata bolti kwa msumeno kati ya bushi na krosimemba, pande mbili, mkono ukatoka na kipande ndani yake. Taabu, ila salama. Bolti mpya nikaagiza za Toyota, na ile grisi kwenye shina naiunga mkono kwa mikono miwili.

Mama Spacio:

Nimerudi. Fundi amepima kama Babu alivyoelekeza. Bushi kubwa ya nyuma kushoto imefunguka, nimeiona mwenyewe kwa tochi. Boljointi zote mbili ngumu. Sasa anasema tusinunue mkono mzima, ana mahali pa kugonga bushi mpya kwenye presi. Wengine wananiambia nichukue yuzidi (iliyotumika) ya Japani ndiyo orijino. Nifuate lipi?

Babu Gereji:

Dada, yuzidi nitakuambia hivi: chuma chake kizuri, mpira wake una umri wa gari lako. Mpira hauzeeki kwa kilomita peke yake, unazeeka kwa miaka, kwa joto na kwa mafuta yanayodondoka. Mkono wa yuzidi ni mzuri ukitaka kuupandishia bushi mpya, si wa kufunga kama ulivyo.

Presi ni njia nzuri na ni nafuu, kwa masharti. Mkono wako uwe haujapinda wala haujaliwa na kutu. Bushi iingizwe kwa presi, isigongwe kwa nyundo. Na kabla ya kuitoa ya zamani, aweke alama ilivyokaa. Ile bushi kubwa ina matundu yaliyokatwa kwenye mpira kwa makusudi, yana upande wake. Ikigeuzwa, laini inakuwa pale panapotakiwa ugumu, na gari litavuta upya ukishika breki ingawa bushi ni mpya. Nimeona hilo kwa macho zaidi ya mara moja.

Fundi asiyejua hayo akikupa bei nzuri, nunua mkono mzima.

Mama Spacio:

Nimemuuliza kuhusu matundu, amejibu "haina shida, mviringo ni mviringo". Nanunua mkono mzima. Na nitasimama pale mpaka nione wanakaza likiwa limebeba uzito.

Runx wa Kimara:

Dada umefanya vizuri. Waambie kwa upole kabla hawajaanza, mafundi wengi hawapendi kuelekezwa katikati ya kazi. Mimi ningesema, "Fundi, naomba zile bolti mbili za bushi tuzimalizie gari likiwa chini." Ni dakika kumi tu za ziada, hakuna atakayekataa.

Naomba nisisahau alaimenti. Baada ya kazi hii usukani wangu ulikaa umeinama kulia na gari lilikuwa likitafuta barabara. Nenda alaimenti siku hiyo hiyo au kesho yake, usisubiri, tairi jipya linaweza kuharibika upesi. Kwenye gari hili wanachorekebisha mbele kwa kawaida ni uelekeo wa tairi kupitia tairodi. Wakikuambia kuna kitu kingine kimepishana sana kushoto na kulia, usikubali "ndivyo yalivyo magari ya zamani". Rudi ukaangalie krosimemba kama imekaa kwenye alama, na shokapu kama haijapinda.

Baada ya kilomita mia moja nilirudi chini na spana nikajaribu bolti zote. Moja ya krosimemba ilisogea kidogo sana, nyingine zilikuwa kama nilivyoziacha.

Na hali ya sasa, maana mmeniuliza kwenye ujumbe: mwezi wa kumi na nne tangu nifunge. Jumapili iliyopita nililala chini na tochi. Bushi zote nne nzima, mpira umejaa, hakuna mwezi mwandamo.

Nze Nakuru:

Nimetoka chini ya gari sasa hivi. Babu alikuwa sahihi. Nati imejizungusha, kuna alama za kung'aa kwenye chuma pale inaposugua. Haijalegea kiasi cha kuanguka lakini si kitu cha kuacha. Nimeagiza bolti na nati yake, Jumamosi tunashusha krosimemba. Kwa hiyo waliosoma nikisema mwaka wa pili huu, wasinifuate.

Kijana wa Mwanza:

Wakuu, kazi imekwisha. Mimi na mdogo wangu, uwanjani kwa mama, siku mbili. Bolti ya kushoto iligonga giaboksi kama mlivyosema, tukashusha vidole vitatu, ikatoka. Mizani tuliazima kwa mama mmoja muuza sangara, anataka irudi kesho asubuhi saa kumi na moja kabla ya mnada. Kulia kilo 28, kushoto kilo 28, jeki ikiwa chini ya mkono na gari limeacha stendi kwa karatasi. Nimepita rasta za njia ya uwanja wa ndege na kurudi, kimya. Usukani umeinama kidogo, alaimenti ni kesho nikishapeleka mizani.